Kuchemsha ni kumoja, kuunga ni kwa kila mtu: mwongozo wa kupikia familia ambayo kila mtu ana chake

Swali ni lilelile, yanabadilika majina tu. "Mume wangu bila ugali hajala. Mama mkwe kaambiwa na daktari apunguze chumvi. Binti yuko kidato cha pili, kaamua hali nyama. Huyu mdogo ukimwachia atakula chipsi asubuhi, mchana na jioni. Nifanyeje?" Wanaouliza ni walioolewa juzi, ni waliohamiwa na wazazi kutoka mkoani, na siku hizi ni akina baba pia, ambao mke akisafiri wiki moja ndio wanagundua kwamba ndani ya nyumba hakuna watu wawili wanaokula sawa.

Jibu fupi ni hili: usipike vyakula vitatu. Pika kimoja mpaka kiive, halafu kigawe wakati wa kuunga. Kinachokula mkaa, gesi na muda wako ni kuchemsha. Kuunga ni dakika kumi, kumi na tano. Na ukichunguza, karibu kila kinacholeta manung'uniko mezani (nazi, pilipili, chumvi, mafuta mengi, karanga) huingia sufuriani dakika hizo za mwisho. Kwa hiyo hapo ndipo pa kugawia, siyo mwanzo.

Kama mko wawili na mnapatana kwa kila sahani, mwongozo huu haukuhusu. Kapumzike.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Sufuria kubwa moja yenye mfuniko na sufuria ndogo mbili. Nyumba nyingi za Dar zina masufuria makubwa ya shughuli yamepangwa juu ya kabati, lakini sufuria ndogo ya kutosha watu wawili hakuna. Nunua hizo ndogo kwanza.
- Moto sehemu mbili. Jiko la gesi la plate mbili linatosha. Kama una mtungi mdogo wa plate moja, jiko la mkaa likae pembeni: mkaa uchemshe, gesi iunge.
- Upawa, na miiko angalau mitatu. Ule wa ugali ubaki wa ugali.
- Hotpoti mbili, moja ya wali au ugali na moja ya mboga itakayotangulia kuiva.
- Mbuzi na kifumbu, au blenda na chujio, kwa ajili ya nazi. Tui la kopo au la paketi linafaa pia, usione haya.
- Vikopo vitano au sita vyenye mifuniko inayobana.
- Daftari na kalamu. Hivi usiviruke, hatua ya kwanza ndiyo hiyo.

Friji ni msaada mkubwa lakini si lazima. Mahali ambapo ukosefu wake unabadilisha mambo nitasema.

Hatua ya 1: Waandike walaji wako

Andika jina la kila anayekula hapo nyumbani, dada wa kazi na shemeji anayekuja wikiendi wakiwemo. Mbele ya kila jina weka safu tatu: HAWEZI, HATAKI, ANAPENDA.

HAWEZI ni ya mambo matatu tu: ugonjwa, aleji na dini. Presha na chumvi. Sukari na wali wa kujaza sahani. Aleji ya karanga, ya mayai, ya kamba au kaa. Na kama nyumba ina Waislamu na Wakristo, kama zilivyo nyumba nyingi za mji huu, kitimoto kinaliwa huko huko kinakochomwa na hakipiti kwenye masufuria ya nyumbani. Mambo ya safu hii hayajadiliwi wala hayaonjeshwi "kidogo tu".

HATAKI ni safu inayohitaji udadisi. Usiandike "hataki bamia" ukafunga daftari. Uliza anachokichukia ni nini hasa. Mara nyingi ni utelezi, siyo ladha, na bamia zilizokatwa vipande vikubwa zikakaangwa kwenye moto mkali bila kufunikwa hazitelezi kiasi kile. Mtoto anayeokota vipande vya nyanya na kuvipanga pembeni ya sahani kama mwashi anayepanga matofali, huyohuyo anamaliza rosti ambayo nyanya zake zilisagwa. Hachukii nyanya, anachukia lile ganda linalojikunja na kubaki mdomoni. Anayekataa dagaa huenda anakataa vichwa na uchungu wake. Kwa swali moja la ziada unapunguza nusu ya safu hiyo.

ANAPENDA ni rahisi, watakusomea wenyewe.

Onyo: usiruhusu vitu vya HATAKI vihamie HAWEZI. Watoto ni mafundi wa kusema "mchicha unaniumiza tumbo". Lakini mtoto aliyetoka vipele, aliyevimba midomo, aliyetapika au kubanwa na pumzi baada ya kula kitu fulani, huyo mpeleke hospitali, na kitu hicho kisirudi jikoni mpaka mjue.

Hatua ya 2: Tafuta mnapokutana

Pitia daftari na uzungushie duara vyakula ambavyo hakuna aliyeviweka HAWEZI, na ambavyo wengi hawakuviweka HATAKI. Utashangaa ni vingi. Kwa familia ya hapa mjini kwa kawaida vinabaki wali, ugali, viazi, chapati na ndizi upande wa chakula; maharage, choroko, mchicha au matembele, kuku na aina moja au mbili za samaki upande wa mboga.

Kanuni ya kuchagulia ni moja: kila mlo uwe na angalau kitu kimoja ambacho kila aliyekaa hapo anakila bila kubembelezwa. Siyo kila mtu apende kila kitu. Anayekula wali na kachumbari na kuacha samaki, amekula. Kesho zamu yake itafika.

Hatua ya 3: Panga siku tano, siyo saba

Ratiba ya siku saba haifiki Jumatano. Siku mbili ziache wazi: moja ya kumalizia viporo, nyingine ya kununua mihogo na kachori ukirudi, maana kuna siku foleni ya Barabara ya Mandela inaamua mtakula nini.

Mfano wa familia ya watu sita:

- Jumatatu: wali mweupe, maharage (mengi ya nazi, mengine bila), kachumbari.
- Jumanne: ugali, dagaa wa kukaanga, mchicha.
- Jumatano: ndizi za kuchemsha, rosti ya nyama pembeni, matembele.
- Alhamisi: ugali kwa wanaoutaka, wali kidogo kwa wasioutaka, samaki wa aina moja kwa mapishi mawili.
- Jumamosi: pilau, na kachumbari ya kutosha.

Mambo matatu kuhusu ratiba hii. La kwanza, nazi ikae sehemu moja. Mboga ikiwa ya nazi, wali uwe mweupe. Wali ukiwa wa nazi, mboga iwe kavu au rosti. Wali ukishatiwa tui haugawanyiki tena, na asiyetaka nazi hana pa kukimbilia. La pili, ndizi nyama ya sufuria moja ni tamu, najua, lakini kama kuna asiyekula nyama, chemsha ndizi peke yake na nyama iwe rosti. Aliyekulia Bukoba atalalamika kidogo, atakula. La tatu ni pilau: usimimine supu ya nyama kwenye mchele kama mmoja wenu hali nyama. Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyoiva, tia viungo vyako, viazi na maji ya kawaida, nyama iwe kwenye bakuli lake. Vitunguu vikikaangwa vizuri, pilau haitakuaibisha.

Ununuzi upange kufuata ratiba. Vitunguu, viazi, mchele na maharage nunua kwa pamoja, iwe Kariakoo, Buguruni, Temeke Stereo au soko lililo karibu nawe. Ndizi kwa mikungu ziko Mabibo. Samaki wabichi, Feri asubuhi. Ukienda saa nane mchana usilaumu mtu. Mchicha na matembele nunua gengeni siku ya kupika au jana yake jioni, joto la hapa halina subira na majani.

Hatua ya 4: Andaa rosti ya msingi

Hii ndiyo inayookoa siku za kazi. Siku moja ya wikiendi:

1. Saga au kuna nyanya kilo mbili zilizoiva vizuri.
2. Katakata vitunguu maji nusu kilo, kaanga kwa mafuta robo kikombe mpaka vilainike na kuanza kubadilika rangi.
3. Tia kitunguu saumu kichwa kimoja na tangawizi ya urefu wa kidole, vyote vilivyotwangwa. Geuza dakika moja, visiungue.
4. Mimina nyanya. Moto wa wastani, bila mfuniko, koroga mara kwa mara mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kuonekana pembeni ya sufuria. Ni nusu saa au zaidi. Usiharakishe, rosti yenye maji inachacha upesi na ladha yake ni ya uchachu tu.
5. Ipoze, gawa kwenye vikopo vitano.

Usitie chumvi. Usitie pilipili. Usitie kiungo cha paketi wala kidonge cha mchuzi, kwa sababu hivyo vina chumvi nyingi tayari na ukishavitia umemfungia mlango mgonjwa wa presha kabla ya wiki kuanza. Wapo wanaosema rosti isiyo na chumvi ni uji wa nyanya. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa iwe kwa sasa.

Vikopo viwili vya kwanza viweke kwenye friji, uvitumie ndani ya siku tatu. Vilivyobaki viweke kwenye friza. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na rosti ikayeyuka ikapata joto, usiigandishe upya: kama imekaa nje ya baridi kwa saa kadhaa, imwage. Kama huna friji kabisa, hatua hii isikudanganye. Pika rosti ya siku hiyo kila siku, ila kata vitunguu na kumenya kitunguu saumu asubuhi kabla ya kutoka.

Hatua ya 5: Pika kimoja, gawa mwishoni

Nachukua maharage kama mfano na nakwenda polepole, kwa sababu ukiyaweza haya, mengine yote ni yaleyale. Ni kwa watu sita: wanne wanataka nazi, mmoja ana presha, mmoja hataki kusikia nazi.

1. Usiku, chambua maharage nusu kilo, osha, loweka kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo.
2. Weka maji mapya yazidi maharage kwa urefu wa vidole vinne. Chemsha kwa moto mkali, yatokote kwelikweli kwa dakika kumi au zaidi, ndipo upunguze moto. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na inaondoka kwa kutokota, siyo kwa kupashwapashwa.
3. Endelea mpaka yaive, kwa kawaida saa moja hadi moja na nusu. Sufuria ya presha inapunguza muda huo zaidi ya nusu. Ukiongeza maji, yawe ya moto. Kuiva ni hivi: chukua harage moja, libane kati ya ulimi na kaakaa. Likipondeka lote bila kuacha kiini kigumu katikati, yameiva. Mpaka hapa hakuna chumvi, hakuna nyanya, hakuna ndimu. Nyanya na ndimu zikiingia mapema, maganda yanakaza na utapika mpaka mtungi uishe.
4. Sasa gawa. Kwa upawa, hamishia theluthi moja kwenye sufuria ndogo pamoja na supu yake. Hii ni ya mgonjwa wa presha na ya yule asiyetaka nazi. Theluthi mbili zibaki kwenye kubwa.
5. Sufuria ndogo: tia vijiko vitatu vikubwa vya rosti ya msingi, hoho iliyokatwa na karoti ukipenda. Chemka dakika kumi. Ponda maharage machache kwa mgongo wa upawa ili mchuzi uwe mzito. Chumvi usitie. Asiyetaka nazi, ambaye hana presha, ataongeza yake mezani.
6. Sufuria kubwa: tia rosti iliyobaki kwenye kikopo, tui jepesi vikombe viwili na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Acha ichemke dakika kumi. Kisha punguza moto, mimina tui zito kikombe kimoja. Usifunike, na usikoroge ovyo: chota na upawa, inua, mimina, chota tena, mpaka uone povu dogodogo linapanda pembeni. Likichemka mara moja tu, epua.
7. Pilipili? Haiingii kwenye sufuria yoyote. Itasubiri mezani.
8. Kwenye sufuria ndogo, ukiisha kuipua, kamulia nusu ndimu. Ukali wa ndimu unaziba pengo la chumvi vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua.

Umetumia moto mmoja mrefu na miwili mifupi, na watu sita wamepata mboga wanayoitaka.

Ona mpangilio wenyewe: kinachoweza kuongezwa baadaye kinaingia mwisho, na kabla hakijaingia, unatoa sehemu ya asiyekitaka. Kosa la wanaoanza ni kutia chumvi kwa mazoea ya mkono maji yakianza tu kuchemka, halafu ndio wanakumbuka mama mkwe.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Lakini mgonjwa wako afuate alichoambiwa na daktari wake, siyo kipimo cha jumla wala changu.

Hatua ya 6: Hamishia njia hiyo kwenye mboga nyingine

Mchicha na matembele: kata, osha na kaanga zote pamoja na kitunguu mpaka zilegee. Toa sehemu ya wasiotaka kitu, kilichobaki kitie nazi au karanga zilizosagwa. Kama kuna mwenye aleji ya karanga nyumbani, usiugawe. Karanga zisiingie jikoni siku hiyo, kwa maana mwiko mmoja uliosahaulika unatosha kuleta balaa.

Kisamvu: hiki kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu bila haraka, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Ukishakiivisha, gawa kama maharage.

Nyama: chemsha yote na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Mtu mzima anayetaka kitu chepesi anapata supu na mnofu. Waliobaki wanapata rosti. Asiyekula nyama anachotewa rosti kabla nyama haijaingia, tena kwa upawa mwingine. Wanaoacha nyama wana pua kali.

Samaki: kaanga wote kwanza. Wa watoto waishie hapo, wa wakubwa wamalizikie kwenye mchuzi wa nazi au wa nyanya. Kwa watoto wadogo chagua samaki mwenye mifupa mikubwa inayoonekana, kama nguru au jodari aliyekatwa vipande. Kibua ni mtamu na bei yake inavumilika, ila mtoto wa miaka mitatu mchambulie mwenyewe kwa vidole, usiamini macho.

Dagaa: toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya moto mara mbili, kausha, ndipo ukaange wakauke. Wengi wanaosema hawali dagaa hawajawahi kula waliosafishwa hivyo. Mgonjwa wa presha muulizie, dagaa wengine wamekaushwa kwa chumvi.

Ugali: haugawanyiki. Baba anataka dona, watoto wanataka sembe, chagueni siku. Wengine huchanganya unga nusu kwa nusu na hakuna anayefurahi, lakini hakuna anayesusa.

Hatua ya 7: Mezani

Weka katikati vibakuli: pilipili ya kukaanga au pilipili mbuzi mbichi iliyokatwa, ndimu, kachumbari isiyo na chumvi, achari ya embe, mtindi kama mnao. Kibakuli cha chumvi kikae mbele ya anayeruhusiwa. Kila mtu ajipakulie, kuanzia mtoto wa miaka minne na kuendelea. Mnaokula kwenye sinia, pakueni wali mmoja katikati na mboga kwenye vibakuli tofauti kuzunguka sinia. Mboga ikimwagwa juu ya wali wote, kazi yako yote ya jikoni imekwisha hapo.

Kwa watoto mpango ni huu: wewe unaamua kinapikwa nini na kinaliwa saa ngapi, yeye anaamua anakula kiasi gani. Usimlazimishe kumaliza, na usimkimbilie na biskuti baada ya dakika kumi. Kitu kipya kiweke kidogo, kijiko kimoja, pembeni ya kile anachokipenda. Akikataa, kirudi wiki ijayo bila maneno. Watoto wengi huhitaji kukiona na kukionja chakula mara kumi au zaidi kabla hawajakikubali, kwa hiyo "alishakataa mara mbili" bado siyo jibu.

Na usimsifie ndugu yake mbele yake kwa kumaliza mchicha. Utakuwa umeanzisha vita ambavyo si vya chakula tena.

Hatua ya 8: Viporo

Ukigawa mboga, viporo vinakuwa vingi na vidogovidogo. Viandike jina kwa kalamu kwenye utepe: "bila chumvi", "ya nazi". Vya nazi viliwe mapema, tui linachacha haraka.

Wali uangalie kuliko vyote. Usiuache kwenye hotpoti au mezani usiku kucha kwa joto la Dar. Ndani ya mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu vinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuupasha. Utandaze upoe upesi na uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, uliwe kesho yake ukiwa umepashwa mpaka uwe wa moto kabisa. Kama hamna friji, pima mchele wa kuisha.

Mambo yakienda kombo

*Chumvi imezidi na sufuria ni ya wote.* Kipande cha kiazi hakitoi chumvi kama tunavyoaminishana, kinanyonya mchuzi tu. Punguza mchuzi, ongeza maji ya moto na rosti isiyo na chumvi. Mgonjwa wa presha mkaangie yai na nyanya leo.

*Tui limekatika.* Linaliwa, halina madhara, limeharibika sura. Moto ulikuwa mkubwa au ulifunika. Epua, tia vijiko viwili vya tui zito la baridi, chota na kumimina mpaka litulie.

*Maharage hayaivi.* Ni ya zamani, au nyanya ziliingia mapema. Magadi kidogo yanasaidia, lakini yana sodiamu kama ilivyo chumvi, kwa hiyo siku ya mgonjwa wa presha ongeza muda badala ya magadi.

*Mama anasema chakula chake ni cha hospitali.* Ana haki ya kusema. Usipunguze chumvi yote kwa siku moja kama daktari hakuagiza hivyo. Ipunguze wiki hadi wiki, ulimi unazoea. Ongeza kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na ndimu. Na mpakulie kwenye bakuli zuri lenye mfuniko wake, siyo kwenye kikopo: "Mama, hii ni ya kwako." Hataki kuonekana mgonjwa mbele ya wajukuu.

*Mzee hatambui mboga isiyo na nyama.* Usibishane naye. Mpikie maharage mazito, vitunguu vya kukaanga juu, na ugali wa moto. Wengi wanachodai ni uzito wa mchuzi, siyo nyama.

*Binti kaacha nyama, naogopa atadhoofika.* Akila mayai, maziwa, maharage, choroko, karanga na majani, yuko salama kwa sehemu kubwa. Akiacha na mayai, na maziwa, na samaki, basi muone daktari au mtaalamu wa lishe, kwa sababu vitamini B12 hataipata kwenye mimea.

*Mdogo anataka chipsi tu.* Zipe siku yake kwenye ratiba, mkaange nyumbani, ziliwe na kuku na kachumbari. Akiuliza Jumanne, unamwonyesha daftari: Ijumaa. Watoto hubishana na mama, ni nadra kubishana na karatasi.

*Dada wa kazi ndiye anayepika na anasahau.* Nakili safu ya HAWEZI peke yake kwa maandishi makubwa, ibandike ukutani juu ya jiko. Tenga sufuria moja ndogo iwe ya "bila chumvi" siku zote, ifunge kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Na siku ya kwanza pika naye mpaka mwisho, umwonyeshe ni saa ngapi upawa unaingia kugawa.

*Gesi imekata kabla hujagawa.* Gawa hivyohivyo. Yasiyo na nazi yanaweza kuliwa na rosti ya baridi iliyopashwa kwenye mkaa. Ya nazi yasubiri jiko liwake. Ukikosa mkaa pia, kuna mama wa chapati kona ya pili, maharage yaliyoiva na chapati ni mlo kamili.